Duara Lililogeuka Yai

Kwako mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu zangu, lakini umgawie wifi yangu kwanza, maana najua yeye ndiye aliyekwenda posta na kukuwekea barua hii mezani. Wanangu nao uwashike vichwa, uwaambie shangazi hajawasahau. Vipi afya yako? Mgongo umepoa, au bado unaulaumu ule usukani? Sisi huku tu wazima wa kula na kutembea. Binti yangu anarefuka kila nikigeuka. Sketi ya shule niliyomnunulia juzi tu, leo ingemfaa mdogo wake kama angekuwa naye. Kuhusu uzima wangu mimi nitakueleza humu ndani taratibu, kwa hiyo usiruke mistari.

Utajiuliza kwa nini nimeandika ilhali simu ipo. Ndugu yangu, kwenye simu wewe hunipokea injini ikinguruma, ukanitania, nikacheka, tukaagana, na neno langu likabaki kooni. Siku hizi karibuni nimekupigia zaidi ya mara moja nikiwa na jambo, nikaishia kukuuliza habari za matairi. Karatasi hainikatizi. Ila nakuomba usiisome ukiwa njiani, wala ukiwa kwenye foleni ya kupakia mizigo. Isome umekaa kwako. Na jina la Kijiko nimeliacha kama lilivyo, ingawa wifi ananiambia umeota kitambi, jina halinenepi.

Kazi yangu unaijua juujuu. Wewe huwaambia madereva wenzako kwamba dada yako anachora kwa kompyuta, basi. Leo inabidi uijue zaidi kidogo. Kila bango ninalotengeneza limepangwa kwa tabaka, sisi kazini tunaziita leya. Ni kama vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine: cha chini kina rangi, cha juu yake kina picha, cha juu kabisa kina maandishi. Ukitaka kukuza kitu unakishika kwenye kona unakivuta. Ukibonyeza kitufe fulani huku unavuta, urefu na upana hukua pamoja, kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Usipokibonyeza, kitu hutanuka upande mmoja tu, na sura ya mtu huwa kama imekaliwa. Pia kuna kijisanduku pembeni kinachotaja urefu na upana kwa tarakimu. Mimi tarakimu sikuwa nikizitazama. Miaka yote nilijivuna kwamba jicho langu ndilo rula, na wateja walinisifu hivyo hivyo.

Pale dukani tuko watatu. Mbele kuna kaunta anakokaa Madamu, mwenye duka. Katikati kuna meza yangu na kompyuta, bila dirisha. Nyuma kuna mashine kubwa ya kuchapisha, na fundi wake tunamwita Kimya. Usidanganyike na jina. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu kunapokucha hadi kunapokuchwa mdomo wake haufungi. Hata wino anauzungumzisha anapoumimina.

Mambo yalianza kwa kichekesho. Mwanamke mmoja anayetengeneza sabuni alirudisha lebo zake, akasema jani nililomchorea limerefuka kama ulimi. Tukacheka, nikalirekebisha. Siku nyingine nikajikuta nabishana na herufi. Niliandika jina la mteja, nikaona herufi za katikati ni fupi kuliko nyingine, nikazivuta juu kidogo. Madamu akaniuliza kwa nini herufi za katikati zimesimama kwa vidole vya miguu. Nikasema ndiyo mtindo wa sasa. Naye akaamini, maana mambo ya mtindo aliniachia mimi.

Halafu akaja muuza baiskeli. Alitaka bango kubwa la kupachika juu ya mlango wake, lenye baiskeli nyekundu iliyotazama barabarani. Nilimchorea kwa moyo wote. Magurudumu niliyaweka kwenye leya yake peke yake, kisha nilipoyatazama nikaona yamebonyea, kama tairi lisilo na upepo. Nikayavuta juu mpaka yakawa sawa. Nikaegemea kiti, nikatazama, nikaridhika kabisa. Kimya akachapisha, bango likapachikwa. Kesho yake muuza baiskeli akaingia dukani bila kubisha, watu wawili wakimfuata kutazama ugomvi, akauliza kwa sauti kama hiyo ni baiskeli au ni trei ya mayai. Kisa chenyewe ni kwamba magurudumu yalikuwa marefu, yamesimama kama mayai, na watu walikuwa wakipita pale kwake wakiuliza vifaranga wanatotolewa lini.

Mdogo wangu, mimi nilikwenda kuliangalia lile bango kwa macho yangu. Nililiona zuri. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, maana mtaa mzima ulikuwa ukicheka na mimi sioni kinachochekesha.

Binadamu akiogopa hutafuta wa kumbebesha. Nilirudi nikamwambia Madamu kwamba mashine ndiyo inavuta karatasi ikipita, ndiyo inarefusha picha. Sikusema uongo, ndivyo nilivyoamini. Kimya akaapa kwamba mashine yake haina tabia hiyo. Madamu akamwambia aifungue. Akaifungua siku yake ya mapumziko, kipande kwa kipande, akavitandika sakafuni juu ya magazeti, akavifuta, akavirudisha. Hakupata kasoro. Nikachora bango upya, nikahakikisha magurudumu kwa jicho langu, na likatoka na mayai yale yale. Muuza baiskeli akachukua kazi yake akaipeleka kwingine. Madamu akamwambia Kimya mbele yangu kwamba mashine ikiharibu kazi nyingine, mashine itabaki ila atatafutwa fundi mwingine.

Tangu saa ile Kimya akawa kimya kweli. Nakwambia, nilikuwa nikiomba yule mtu apunguze maneno, lakini duka lisilo na sauti yake liligeuka kama nyumba yenye mgonjwa.

Akakaa hivyo hadi siku moja Madamu alipokuwa ametoka, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Akaniomba nifungue ile kazi ya baiskeli, nirudishe gurudumu lilivyokuwa kabla sijaligusa. Nikalirudisha.

“Hebu niambie, dada, unaona nini hapo?”

“Limebonyea. Wewe huoni?”

“Mimi naona duara.”

Akanionyesha kile kijisanduku cha pembeni. Urefu na upana vilikuwa tarakimu moja. Nikamwambia kioo cha kompyuta ni kikuukuu, kinapotosha. Hakubishana. Akaweka rula juu ya kioo, akapima kwa kulala, akapima kwa kusimama, ikawa sawa. Nikasema basi hata rula ya plastiki inaweza kupinda kwa joto. Yule mtu akaondoka, akarudi na mfuniko wa kopo la wino, akauweka mezani mbele yangu.

“Na huu mfuniko, dada, nao una kioo kikuukuu?”

Nikautazama. Ulikuwa umebonyea.

Mkono ukajiendea wenyewe, ukaziba jicho la kulia. Mfuniko ukawa duara, duara safi kama siku ulipotoka kiwandani. Nikaziba la kushoto, mfuniko ukabonyea tena, na ukingo wa meza nyuma yake ukapinda kama kamba iliyolegea. Nikamwambia Kimya asimwambie mtu. Akatikisa kichwa kukubali. Fikiria, ndugu yangu: mtu niliyemchongea, ambaye neno moja tu lingemwokoa, akakubali kulishikilia neno hilo kwa ajili yangu.

Baada ya hapo sikuwa mtu wa kawaida. Kila nilipoingia chumbani niliziba jicho nikatazama fremu ya mlango. Nilitazama vigae vya bafu, mistari ya daftari la mwanangu, waya za umeme barabarani, nikiomba safari hii nione tofauti. Nikawa namimina chai huku nashikilia kikombe kwa kidole ndani ili nijue mdomo wake ulipo. Kazini niliandika tarakimu kwenye kijisanduku bila kutazama picha, kisha vidole vikaniwasha kutaka kuivuta, maana kila kitu kilichokuwa sahihi kilionekana kibovu. Umewahi kuendesha gari huku kila kibao kinakwambia umepotea na wewe unajua njia ni ile ile? Ndivyo nilivyokuwa nikishinda. Binti yangu akaniuliza kwa nini siku hizi namkonyeza. Nikamwambia nina vumbi jichoni.

Nilichoogopa kukisema kikasemwa na mambo yenyewe. Madamu akamleta fundi mwingine kuitazama mashine, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung’aa, akamwonyesha inavyofanya kazi. Kimya alikuwa amesimama kando anafuta mikono na tambara ambalo lenyewe lilikuwa chafu kuliko mikono. Hakunitazama. Ingekuwa amenitazama labda ningevumilia. Nikamwomba Madamu tuzungumze, nikamwambia yote nikiwa nimeshika meza: mashine haina kosa, fundi hana kosa, jicho langu ndilo lililoharibu kazi.

Nilitegemea anifokee. Alizungusha kalamu, kisha akauliza ni tangu lini. Nikasema sijui. Akauliza kama la pili ni zima. Nikasema naamini. Akasema kuamini si kujua, kesho usije kazini, nenda ukapimwe. Halafu akatoka akamwambia yule kijana wa viatu asante kwa kufika. Nilimwomba Kimya radhi pale pale. Akanijibu kwamba yameisha, ila Jumapili yake ile ananidai, maana alipanga kulala. Na maneno yakamrudi, Mungu ashukuriwe. Sasa ananisemesha mpaka natamani kumwomba radhi tena ili anyamaze.

Hospitali ya macho ilikuwa na benchi refu lililojaa, kila mtu kaegemea ukuta na pamba jichoni. Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Aliniwekea dawa ya matone iliyotanua mboni, akanimulika, akapiga picha ya ndani ya jicho, akanionyesha. Nyuma ya jicho kuna kama pazia, na katikati ya pazia pana padogo tunapotumia kusomea na kutambua nyuso. Pangu pa jicho la kulia pamevimba na kukunjamana, kwa hiyo kila kinachoangukia hapo hupinda. Na kwa kuwa jicho la kulia kwangu ndilo lenye sauti kubwa, la kushoto likisema kweli halisikilizwi. Nikauliza kama kuna miwani. Akasema miwani hainyooshi pazia. Nikauliza la kushoto. Akasema lina alama ya mwanzo, ndogo, tutalichunga. Ugonjwa huu huenda polepole, watu wengi huishi nao na kufanya kazi, lakini lazima nirudi kila nitakapoitwa.

Kisha akauliza ni nani mwingine kwetu mwenye shida hii, kwa sababu aina hii hutembea ndani ya ukoo. Nikasema hakuna. Akauliza mama, nikasema mama anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akauliza baba. Nikasema baba ni marehemu, hakuwa kipofu, alikuwa mwashi. Akauliza aliacha kazi lini na kwa nini. Kijiko, nilijibu kama tunavyojibu siku zote, bila kufikiri: kwamba kuta zake zilianza kupinda kwa sababu ya pombe. Daktari akaweka kalamu chini.

“Kilianza kipi, kunywa au kupinda?”

Nimeishi umri wote huu na sijawahi kujiuliza.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, mboni bado zimetanuka, mwanga unanichoma, nikakaa naye jikoni nikamuuliza swali lile lile. Alikuwa anachambua mboga. Akasema ukuta wa kwanza kulalamikiwa ulikuwa wa stoo ya shule, na wakati ule baba alikuwa haonji hata tone. Akasema alikuwa akirudi jioni amechanganyikiwa, anasema timazi yake ya kupimia wima inamdanganya, kamba inamdanganya. Ukuta wa pili ukabomolewa mbele ya mafundi wenzake. Wakaanza kusema amelewa, akakataa, hawakumwamini. Akafukuzwa. Ndipo akaanza kunywa, na mama akasema neno ambalo sijui nitalisahau lini: alisema baba alikwenda kuinywa ile pombe aliyokuwa ameshahukumiwa kwayo.

Unakumbuka alivyokuwa akisema, “Ukuta umenyooka, nyinyi ndio mmepinda”? Tuliugeuza msemo wa nyumbani. Mimi nilikuwa nikiuigiza nikiyumba, na nyote mnavunjika mbavu. Naye alikuwa anatueleza tu anachokiona. Hakuwa na mtu wa kumwekea mfuniko mezani.

Najua ulivyoachana naye. Najua ulichomwambia siku ulipobeba begi, kwamba unakwenda kutafuta kazi yenye usukani ili ujue angalau wewe unaenda moja kwa moja. Najua siku ya mazishi ulisimama nyuma ya watu wote. Sikuandikii haya ili nikulaumu. Tulimwona mlevi kwa sababu mwisho wake tulimwona na chupa, na hatukuwepo mwanzo. Mama naye analia, anasema angeuliza zaidi. Nimemwambia hakuna aliyejua cha kuuliza.

Na sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa nafuta machozi kule jikoni, mama akataka kunichangamsha, akanihadithia kituko chako. Akasema juzi uliparuza lori kwenye nguzo ya lango la bohari, lango unaloingia miaka nenda miaka rudi, ukashuka ukawaambia walinzi kwamba lango limepungua. Akacheka sana mama. Mimi sikuweza kucheka.

Huenda ni uchovu. Huenda mtu aliegesha vibaya, jua lilikuwa machoni, nguzo imesogezwa. Nimejiambia yote hayo, na nayajua vizuri, maana ndiyo hayo hayo niliyomwambia Kimya: kioo kikuukuu, rula imepinda kwa joto. Daktari anasema si lazima uwe nao. Aliyezaliwa na mzazi mwenye ugonjwa huu anaweza kuupata, anaweza kuukosa, na hakuna ajuaye mpaka apimwe.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili, yenye mistari ya miraba kama daftari la hesabu, na nukta nyeusi katikati. Daktari alinipa mfano, nami nimekutengenezea wako. Sikuutengeneza kwa jicho. Kila mraba nimeuandikia tarakimu, kisha Kimya akaupima kwa rula ya chuma, kulala na kusimama, akipiga domo mwanzo mpaka mwisho. Ibandike ukutani penye mwanga, usimame umbali wa kusomea. Ziba jicho moja, tazama nukta usiiachie. Kisha ziba la pili. Nilimjaribu binti yangu kwanza. Akasema mistari yote imenyooka. Nikamjaribu tena, na tena, mpaka akaniuliza mama, unataka niseme nini? Nikamwambia nataka useme unachokiona. Wanao nao, ukimaliza, uwasimamishe mmoja mmoja.

Ukiiona mistari imenyooka, nipigie unicheke utakavyo, uniite mama wa wasiwasi, nitakunywa chai yangu kwa amani. Lakini hata hivyo nenda ukapimwe, nitakwenda nawe. Na ukiona mstari wowote umelegea, au mraba mmoja umekuwa mdogo kuliko wenzake, lori lilale, Kijiko. Usiseme utamalizia safari moja tu. Najua lori ni mguu wako na mkono wako; meza yangu nayo ni vivyo hivyo, na Madamu bado hajaniambia itakuwaje. Kwa sasa ananiacha nifanye kazi kwa tarakimu, na kila chenye duara Kimya anakitazama kabla hakijachapishwa. Asubuhi naamka na hofu, nalala nayo. Lakini mimi nikikosea, mtaa unacheka.

Msalimie tena wifi, na umwonyeshe barua hii. Usimfiche kama mimi nilivyofichaficha. Mama anakusalimu, anasema amekuwekea shati la baba lile la kazi, ukija ulichukue ukitaka. Jirani wa mkono wa kushoto naye anakuulizia. Nitaweka simu karibu nami, na wewe nipigie gari likiwa limezimwa.

Jambo la mwisho. Usinijibu kwa kunifurahisha, unijibu kwa unachokiona. Na mistari ikipinda, ndugu yangu, usiseme karatasi ndiyo mbovu. Karatasi imepimwa.

Ni mimi akupendaye,
Dada yako